Wanaosema ziwa ni bwawa kubwa tu, njooni hapa mara moja

Watu wa pwani wana kadharau fulani hivi na sisi wa ziwani. Ukikaa nao kijiweni Tanga au Dar ukasema umekulia Mwanza, swali la kwanza ni kwani huko nako kuna mawimbi, na yule mwenye heshima kidogo atakwambia "aah, kale kamaji kenu". Wana kusi na kaskazi zao, wana mashairi ya dau na jahazi, wanaona sisi tuna sangara tu na mbu. Nimeyasikia haya tangu niko bweni na kwa miaka mingi nilikuwa najibu kwa hasira bila hoja. Sasa nipo huku Michigan, jimbo la Marekani ambalo karibu kila upande limezungukwa na maziwa, na hoja nimezipata nyingi mpaka zimenizidi, ndo maana naandika hii post ndefu, chukua chai.

Tuanze na ukubwa maana hapo ndo ubishi unapoanzia. Ziwa Superior, la juu kabisa kwenye mpaka wa Marekani na Kanada, lina kilomita za mraba kama 82,000, Victoria letu ni kama 68,800, kwa hiyo hawa ni kaka na mdogo wake. Tofauti ni kina, Superior ina mita 406 pale ilipochimbika sana, Victoria ni kama mita 80 tu, sinia pana. (Na kabla Mmarekani hajaanza kujisifia kina, Tanganyika ina mita kama 1,470, kwa hiyo tuheshimiane.) Lakini ukubwa sio kitu chenyewe. Kitu chenyewe ni aina ya wimbi. Baharini dhoruba ina nafasi ya kutosha, mawimbi yanakuwa marefu, meli inapanda polepole inashuka polepole. Ziwani mawimbi yanafuatana karibu karibu na yamesimama wima, meli haijamaliza kushuka la kwanza la pili limeshafika mlangoni, na ukitaka kukimbia na upepo mpaka upite huna pa kukimbilia, masaa machache tu umeshagonga nchi kavu. Mabaharia wa huku waliofanya kazi kote kote utawasikia wanasema afadhali Atlantiki.

Mwezi wenyewe wa kuogopwa huku ni Novemba. Maji bado yameshika joto la kiangazi, hewa ya baridi kali inashuka kutoka Kanada, nyingine yenye joto na unyevu inapanda kutoka kusini, zinakutana juu ya ziwa ambalo bado lina joto, na hapo mgandamizo wa hewa unaporomoka na upepo unapata nguvu mara dufu. Sasa shida ni kwamba Novemba hiyo hiyo ndo kila mwenye meli anataka safari moja ya mwisho kabla barafu haijafunga njia mpaka mwakani. Safari moja ya mwisho. Nimesoma habari za hizi ajali nyingi sasa na hayo maneno yanajirudia mpaka yanakera.

Basi twende 1913.

Ijumaa ya tarehe 7 Novemba idara ya hali ya hewa ya Marekani ilituma tahadhari kwa telegramu, bandarini zikapandishwa bendera za dhoruba. Kwa hiyo watu wasije wakakudanganya kwamba hawakuambiwa, waliambiwa. Ila tahadhari za dhoruba mwezi Novemba zilikuwa kitu cha kawaida, manahodha walishazizoea, na meli nyingi za ziwani wakati ule hazikuwa na redio, ukishatoka bandarini umetoka, hakuna wa kukuita urudi. Superior ilianza kuchafuka kwanza. Jumapili asubuhi tarehe 9 kwenye Ziwa Huron pakatulia kidogo, watu wakaona aah imepita, meli zikang'oa nanga. Kumbe ilikuwa ni mifumo miwili ya dhoruba, mmoja ulikuwa unapumua na mwingine unakuja kutoka kusini, zikaungana, na kuanzia mchana ule mpaka usiku wa manane ziwa likawa kitu kingine kabisa. Upepo ulifika kilomita 145 kwa saa kwenye mivumo mikali, mawimbi ya mita kama 11, theluji inapiga ubavuni huoni hata mkono wako, na upepo unatoka upande huu wakati mawimbi yanatoka upande mwingine. Wenyewe waliita tufani nyeupe.

Meli nane zilizama Huron peke yake, ndani ya masaa machache, na katika hizo nane hakuponea mtu hata mmoja kusimulia. Zilikuwa meli za chuma, sio mitumbwi. Mojawapo, James Carruthers, ndo ilikuwa meli kubwa kuliko zote za Wakanada kwenye maziwa, imeshushwa majini Mei mwaka huo huo, yani bado inanuka rangi, imebeba ngano. Kwa ujumla kwenye maziwa yote zilipotea meli 12 hivi, nyingine zaidi ya 30 zikatupwa kwenye miamba na michanga, na waliokufa wanazidi 250. Mji wa Cleveland ulifukiwa na theluji ya sentimita zaidi ya 50, umeme hakuna, simu hakuna, kwa hiyo hata habari zenyewe zilichelewa kufika.

Katika yote ya siku zile kuna mawili matatu ambayo mi siwezi kuyasahau.

La kwanza ni la meli inaitwa L.C. Waldo. Hii ilikuwa Superior, mawimbi yaling'oa chumba cha usukani, ikaishia juu ya mwamba wa Gull Rock ikapasuka katikati. Watu zaidi ya 20, wanawake wawili kati yao na mbwa mmoja, wakajibanza kwenye chumba kimoja kidogo mbele ya meli, chuma kitupu, baridi ile unayoisikia kwenye meno. Walichofanya, wakachukua beseni la kuogea la nahodha, lile la kulala ndani, wakaligeuza kuwa jiko, ndoo za zimamoto wakazitoboa matako wakazipanga zikawa bomba la moshi, alafu wakaanza kuvunja fenicha za mbao na kuchoma kidogo kidogo. Siku zaidi ya tatu. Wakaokolewa wote, na mbwa wao. Mtu yeyote aliyewahi kupikia jiko la kopo anaelewa hiyo akili imetoka wapi.

La pili ni meli iliyogeuka. Dhoruba ilipopita, karibu na Port Huron likaonekana tumbo la meli linaelea, juu chini, jina liko chini ya maji. Meli kibao hazijulikani ziliko na hamna anayejua hii ni ipi. Magazeti yakawa yanabahatisha kila siku jina jipya, familia zinasubiri ufukweni, na hali ya hewa hairuhusu mtu kuzama kuangalia. Mpaka tarehe 15 mzamiaji mmoja akashuka akasoma herufi kwa shida, Charles S. Price. Fundi msaidizi wa meli hiyo, Milton Smith, alikuwa ameacha kazi kabla haijaondoka, moyo ulimkataa tu. Akaitwa kuja kutambua maiti za wenzake. Inasimuliwa kwamba mmoja wao alikutwa amevaa jaketi la kuokolea lenye jina la meli nyingine, Regina, na mpaka leo watu wanabishana ilikuwaje, zilikutana gizani, au waliookota maiti ndo walizichanganya, hakuna mwenye jibu.

Na la tatu, hili sijui nicheke au nilie. Kanada, mzee mmoja alienda kuangalia maiti zilizotupwa ufukweni akakuta moja ina sura ya mwanae, chale za herufi za jina lake mkononi, makovu, mpaka meno. Akamchukua, jeneza likanunuliwa, kaburi likachimbwa, ndugu wamekusanyika msibani. Mwanae akaingia. Mzima. Hakuwa kwenye meli ile kabisa, alikuwa ameshahamia meli nyingine, akasoma gazetini kwamba amekufa, na badala ya kupiga telegramu akaamua kurudi nyumbani taratibu. Yani kwa wazazi wetu huyo angekula bakora kwanza ndo apewe chakula. Aliyezikwa badala yake hakujulikana ni nani.

Ila meli ya 1913 ninayoifikiria kuliko zote ni Henry B. Smith. Ilikuwa bandari ya Marquette, Ziwa Superior, inapakia madini ya chuma, nahodha wake James Owen. Jumapili jioni tarehe 9, wakati meli nyingine zimekimbilia humo humo bandarini kujificha, yeye akang'oa nanga. Watu walikuwa nchi kavu wanamtazama, na walichoona ni kwamba anatoka wakati vijana wake bado wako juu ya deki wanahangaika kufunga mifuniko ya ngama, yani ya tumbo la kuwekea mzigo. Meli za madini zina mifuniko mingi imejipanga kutoka mbele mpaka nyuma, kuifunga yote ni kazi ya masaa, na hiyo ndo inayozuia maji yasiingie kwenye shehena. Wakamwona anatoka kwenye mkono wa bandari, mawimbi yanampanda, baada ya muda kama anajaribu kugeuza, alafu theluji ikamfunika. Mwisho. Meli ilionekana tena 2013, miaka mia kamili, iko chini mita kama 160, kaskazini ya Marquette, na mzigo wake wa chuma umelala pale pale.

Kwa nini alitoka? Fununu za bandarini ni kwamba msimu mzima alikuwa anachelewa, sio kwa kosa lake, mara ukungu mara foleni ya kupakia, na wenye meli walikuwa wameshamchoka. Fununu ni fununu, karatasi haipo. Lakini wanaojua kazi hawakuona ajabu.

Baada ya hapo lawama zikaanza kurushwa kama kawaida, wenye meli wanasema hakuna binadamu angetabiri kitu kama kile, watu wa hali ya hewa wanasema bendera tulipandisha nyinyi mkatoka. Wote wana kaukweli.

Napita haraka hapa katikati. Carl D. Bradley, 18 Novemba 1958, Ziwa Michigan, ikavunjika vipande viwili, walikuwa 35 wakapona 2, na wengi wa waliokufa walikuwa wa mji mmoja mdogo, Rogers City, fikiria kijiji kimoja kinazika baba wote wa mtaa kwa wiki moja. Daniel J. Morrell, 29 Novemba 1966, Huron, nayo ikavunjika viwili, ilikuwa ya 1906, chuma cha zamani kile kikipata baridi kinakatika kama biskuti. Aliyepona ni mmoja kati ya 29, Dennis Hale, alikaa kwenye chelezo masaa 38 akiwa na chupi, koti na jaketi la kuokolea, wenzake watatu wamemfia pembeni. Meli zote mbili zilikuwa kwenye safari za mwisho wa msimu. Nimeshasema inakera.

Sasa Edmund Fitzgerald. Hii huku hata mtoto wa chekechea anaijua.

Ilishushwa majini Juni 1958, urefu mita 222, wakati huo ndo ilikuwa ndefu kuliko zote kwenye haya maziwa. Tarehe 9 Novemba 1975 mchana ikapakia bandari ya Superior, Wisconsin, tani kama 26,000 za punje za madini ya chuma, inaelekea upande wa Detroit. Nahodha Ernest McSorley, mzee wa kazi, miaka 63, alikuwa karibu kustaafu. Nyuma yake kuna meli nyingine, Arthur M. Anderson, nahodha Bernie Cooper, wakawa wanaongozana na kuongea kwenye redio. Tahadhari ya dhoruba ilitolewa, wakaamua kupita upande wa kaskazini karibu na Kanada ili nchi kavu iwakinge na upepo. Uamuzi mzuri, mpaka tarehe 10 mchana walipolazimika kukata kushuka kusini na upepo ukageuka ukatokea kaskazini magharibi, ziwa lote likawa nyuma yao.

Saa tisa na nusu hivi alasiri McSorley akamwita Cooper, anamwambia kuna reli imeanguka deki, mifuniko miwili ya kupitisha hewa imekwenda, na meli imeanza kulalia upande mmoja. Cooper akamuuliza pampu zinafanya kazi? Akajibu zote mbili. Akasema anapunguza mwendo Anderson imkaribie. Baadaye kidogo rada zake zote zikafa, ikabidi Cooper awe macho yake, anamwelekeza kwa redio, na bahati mbaya juu ya bahati mbaya mnara wa taa wa Whitefish Point na mtambo wake wa mawimbi ya redio vilikuwa vimezima kwa sababu ya dhoruba hiyo hiyo. Karibu saa moja jioni Anderson ikapigwa na mawimbi mawili makubwa kuliko yote ya siku ile, yakaifunika meli alafu yakaendelea mbele, kuelekea aliko mwenzake. Saa moja na dakika kumi wakamuuliza vipi hali huko. McSorley akajibu kwa utulivu kwamba wanajimudu. Ikaja theluji, ikapita, rada ya Anderson ikasafisha, na pale palipokuwa na alama ya Fitzgerald hapana kitu. Hakuna wito wa kuomba msaada, hakuna chochote. Watu 29. Walikuwa wamebakiza kilomita kama 27 waingie ghuba iliyotulia.

Kitu ninachompa heshima Cooper ni hiki. Alikuwa ameshaingia kwenye ghuba, amesalimika, walinzi wa pwani wakamwomba arudi kule kule akatafute. Unasikia kwenye redio anasita, anajua anaombwa nini, alafu anasema atageuza. Akageuza. Walichopata ni boti mbili za kuokolea zilizoharibika na vikorokoro, maiti hakuna hata moja. Superior ni ya baridi sana huko chini, nyuzi 4 hivi, bakteria hawafanyi kazi yao kwa hiyo mwili hautungi gesi wala hauelei. Wako kule kule mita 160 chini, meli imekatika vipande viwili, na kwa sasa huruhusiwi kuzamia, ni kaburi. Kengele yake tu ilitolewa Julai 1995, ipo kwenye makumbusho Whitefish Point, nimeenda kuiona, imeng'arishwa.

Kilichoizamisha? Uchunguzi wa serikali ulisema mifuniko ya ngama haikuzuia maji, wenye meli wakakataa wakasema hapana aligusa mwamba chini karibu na kisiwa cha Caribou kwa sababu ramani zilikuwa na makosa, na ubishi huo utadumu kuliko sisi. Mi sio mhandisi ila kuna kitu kimoja kwenye ripoti hakinitoki. Meli hii kati ya 1969 na 1973 iliruhusiwa mara tatu kubeba zaidi, yani ule mstari wa ubavuni unaosema maji yaishie hapa ulipandishwa, jumla karibu mita moja kamili. Mita moja ya deki kuwa karibu zaidi na maji. Kihalali kabisa, karatasi zimesainiwa, na kila safari inaingiza zaidi. Kwa hiyo ukiniuliza mi Fitzgerald ilianza kuzama lini, sitakutajia tarehe 10 Novemba.

Tangu siku ile haijazama tena meli kubwa ya mizigo kwenye haya maziwa. Upepo haujapungua, Novemba ni ile ile. Ila utabiri umekuwa wa uhakika, vipima kina vimefungwa, kuna mavazi maalumu ya kuzuia baridi, na zaidi ya yote siku hizi ukiangalia ramani za meli dhoruba ikija unaona zimetia nanga mstari mzima nyuma ya nchi kavu, zimelala, zinasubiri. Hela inapotea na wanasubiri.

Hapa ndo narudi kwetu, na naanzia Chicago.

Ajali iliyoua watu wengi kuliko zote katika historia ya meli za maziwa haya haikuwa na dhoruba hata kidogo. Eastland, 24 Julai 1915, Jumamosi asubuhi, wafanyakazi wa kampuni ya Western Electric na familia zao wanaenda pikiniki. Meli imefungwa kamba bado, iko mtoni kwenye gati, katikati ya jiji, watu zaidi ya 2,500 wameshapanda. Ikalala ubavu pale pale. Walikufa 844, wengine hatua chache tu kutoka gatini. Ilikuwa ni meli nzito juu tangu zamani, inajulikana, na mwaka huo ikaongezewa boti za kuokolea juu kwa sababu ya sheria zilizokuja baada ya Titanic, uzito mwingine ukapanda juu.

Mtu wa Kanda ya Ziwa akisoma hiyo haitaji kuelezwa. 21 Mei 1996. Nilikuwa mdogo, nakumbuka redio ya RTD na wakubwa wamenyamaza wanaisikiliza wamesimama. MV Bukoba ilikuwa inakuja Mwanza kutoka Bukoba kupitia Kemondo, uwezo wake abiria 430. Idadi ya waliokuwemo hakuna aliyewahi kuijua, maana daraja la tatu halikuwa na orodha. Hesabu ya serikali ni vifo 894. Na dhoruba? Hakuna. Ilikuwa ni asubuhi ya kawaida, Mwanza iko karibu kabisa, meli ikalala upande alafu ikageuka. Ilielea juu chini kwa muda, watu ndani wanagonga, wakatoboa wawatoe, hewa iliyokuwa inaishikilia ikatoka, ikazama nao. Wengi wao wamelazwa Igoma. 2018 tukarudia, MV Nyerere, kivuko cha watu 101, siku ya Alhamisi 20 Septemba kinatoka Bugorora kwenda Ukara, kimebeba zaidi ya mara mbili ya hapo, kinakaribia gati watu wanahamia upande mmoja kushuka. Wakafa zaidi ya 220. Fundi mmoja alitolewa hai siku mbili baadaye, alikuwa kwenye chumba chenye hewa.

Ndo maana huwa sipendi mtu akisema "ziwa limechukua watu". Ziwa halikuja kukata tiketi.

Sisemi hatuna dhoruba, tunazo, tena za kuua. Ziwa Nyasa, Julai 1946, meli mpya ya abiria inaitwa Vipya ilipinduliwa na upepo na mawimbi, wakafa watu 145. Na Victoria ina tabia yake ambayo watu wengi hata wa Mwanza mjini hawaijui. Mchana nchi kavu inapata joto kuliko ziwa, upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, mvua zinanyesha huko juu ya vilima. Usiku inageuka, nchi kavu inapoa, ziwa linabaki na joto, upepo unatoka pande zote kuingia ziwani, unakutana katikati, hewa inapanda, na radi kali zinaanza kupiga juu ya maji kuanzia usiku wa manane mpaka alfajiri. Yani ziwa letu linachafuka watu wakiwa wamelala.

Isipokuwa wa dagaa. Dagaa wanavuliwa kwa taa, na taa inafanya kazi penye giza, kwa hiyo siku zisizo na mwezi ndo siku za kazi na usiku wa manane ndo saa ya kazi. Wavuvi wapo katikati ya ziwa, kwenye mtumbwi wa mbao, saa ile ile radi zinapoamka. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba Victoria inaua watu 3,000 mpaka 5,000 kwa mwaka, na hizo ni ajali za wawili, watatu, wanne, hazipati post wala kengele. Miaka hii ya karibuni kuna maendeleo, idara za hali ya hewa za nchi zetu zinatoa utabiri wa ziwa peke yake, unasomwa redioni, unafika mpaka kwenye mialo kwa simu. Ni kitu kikubwa kwa kweli, na kinachelewesha msiba mwingi. Lakini 1913 bendera nazo zilipandishwa.

Nina binamu yangu anavua dagaa upande wa Ukerewe. Mtumbwi sio wake, ni wa tajiri, injini ya tajiri, mafuta ya tajiri, wanagawana kinachobaki. Juzi tumeongea kwenye simu nikamsimulia habari ya Henry B. Smith, nikamweleza mifuniko, theluji, meli nyingine zimejificha na huyu anatoka. Nilidhani atasema mzungu kichaa. Akanyamaza kidogo akauliza, kwani huyo kapteni alikuwa anadaiwa na tajiri wake? Nikamwambia watu wanasema aliambiwa akichelewa tena basi. Akasema sasa kaka, hapo ulitaka afanyeje, hata mi ningetoka, alafu akaniomba nimtumie vocha maana zimebaki siku chache mwezi uchomoze na walikuwa wanaingia ziwani saa moja.